Mlango wa Maji wa Lisbon: Tarehe ya Terreiro do Paço

Mwaka 1147 Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, aliitwaa Lisbon mikononi mwa Waislamu kwa msaada wa Wanamsalaba waliokuwa safarini kwenda Nchi Takatifu. Wakati huo uwanja unaoitwa leo Terreiro do Paço ulikuwa ufuko. Maji ya mto Tejo yalijaa na kupwa juu ya matope, na wavuvi walipweleza mashua zao hapo wakauza walichopata. Mji wenyewe ulikuwa kilimani, ndani ya boma, na kasri la wafalme lilikuwa huko juu kizazi baada ya kizazi. Anayetawala mashamba hukipenda kilima: adui huonekana angali mbali, na raia hujua pa kukimbilia.

Aliyekishusha kiti cha enzi hadi majini ni Manuel wa Kwanza, na habari zilizomshusha zilitoka pwani yetu. Ndiyo maana siwezi kuuandika uwanja huu kama mambo ya watu wa mbali. Tarehe yake ni nusu ya pili ya tarehe ya Kilwa, Mombasa na Malindi. Nusu ya kwanza tumeisoma shuleni: merikebu zinatokea upeo wa bahari, mizinga inalia, mji unaungua. Zilitoka mlango gani, na dhahabu iliyochukuliwa iliingia mlango gani, hilo tumelisoma kidogo mno.

Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon Julai 1497. Machi 1498 alikuwa Kisiwa cha Msumbiji, Aprili akafika Mombasa, ambako alishukiwa na yeye akawashuku wenyeji, kisha Malindi, ambako mfalme alimpokea vizuri na kumpa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Alipopitia tena Malindi mwanzoni mwa 1499, mfalme wa mji huo alimpa mjumbe, kijana wa Kiislamu, akamsalimie mfalme wa Ureno. Mjumbe huyo alifika Lisbon, akakaa, na kurudishwa kwao na msafara wa Pedro Álvares Cabral mwaka 1500. Ni miongoni mwa watu wa kwanza wa pwani ya Malindi kuutazama mto Tejo, na aliutazama akiwa mgeni wa heshima, si mateka. Mwaka huohuo wa 1499 Manuel alianza kujiita bwana wa uvamizi, usafiri wa baharini na biashara ya Ethiopia, Arabuni, Uajemi na Uhindi. Alijipa cheo hicho kabla hajamiliki ngome hata moja katika bahari yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1500 akaanza kujenga kasri jipya, Paço da Ribeira, kwenye ardhi iliyopatikana kwa kufukia ufuko. Uwanda uliobaki mbele yake ndio uliokuwa Terreiro do Paço, uwanja wa kasri. Chini ya vyumba vya mfalme ikawekwa Casa da Índia, forodha na ofisi kuu ya biashara ya mashariki. Upande wa magharibi palikuwa na Ribeira das Naus, ambako maseremala na wapiga kalafati waliunda merikebu zilizokwenda Goa kwa kupitia kwetu. Mtu wa Unguja hahitaji kuchorewa mpango huo, maana Forodhani ni vilevile: mtawala anakaa ukingoni mwa maji, forodha iko jirani naye, na kinachoingia na kutoka kinapita mbele ya roshani yake.

Kazi ya Casa da Índia inafaa kuelezwa, kwa sababu nguvu ya Wareno ilikuwa humo kama ilivyokuwa kwenye mizinga. Merikebu iliyorudi kutoka mashariki ilitakiwa ishushe shehena yake pale. Pilipili manga ilikuwa mali ya mfalme, na mengine yalipimwa, yakaandikwa daftarini, yakatozwa ushuru. Makarani walewale waliandika orodha za mabaharia na askari, wakalipa mishahara, wakatunza ramani mama iliyoongezewa kila ufuko mpya uliofikiwa. Nahodha aliyekwenda mashariki aliondoka na hati ya maagizo: afike wapi, amwambie nini mfalme gani, apige nani asipotii.

Mwaka 1502 da Gama alirudi pwani yetu na msafara mkubwa wa kivita. Kilwa ilikuwa bado mji tajiri, ingawa nguvu zake zilikuwa zimepungua. Utajiri huo ulitokana na dhahabu ya bara, nchi ya Zimbabwe, iliyoteremshwa hadi Sofala na kuletwa kaskazini na wafanyabiashara wa Kilwa. Amir Ibrahim, aliyekuwa ameshika madaraka, alilazimishwa mbele ya midomo ya mizinga ajitambue kuwa chini ya mfalme wa Ureno na alipe kodi ya dhahabu, mithkali 1,500. Dhahabu hiyo ikasafiri hadi Lisbon. Manuel aliagiza itengenezwe chombo cha ibada cha kuwekea hostia, na kazi hiyo, ambayo inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente, ilikamilika mwaka 1506. Ni chombo cha dhahabu na rangi za kioo kilichoyeyushwa, mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka mahali pa hostia, na juu yao minara midogo iliyochongwa kwa ustadi wa ajabu. Kwenye kitako yameandikwa maneno yanayotangaza wazi kwamba mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Wanakiita Custódia de Belém, na kimewekwa katika Museu Nacional de Arte Antiga mjini Lisbon, kikihesabiwa kuwa moja ya kazi bora kabisa za usonara wa Ureno. Ni kweli. Ustadi ni wao. Dhahabu ilikuwa ya watu waliotishwa wakiwa nyumbani kwao, na maandishi yenyewe hayakuificha habari hiyo, kwa sababu wakati ule ilikuwa fahari.

Machi 1505 Francisco de Almeida aliondoka Lisbon na maagizo ya kuweka ngome Sofala na Kilwa. Julai alishusha askari Kilwa, mji ukaporwa. Agosti ikawa zamu ya Mombasa, ambayo ilipigana nyumba kwa nyumba, kisha ikachomwa moto. Ngome ya Kilwa haikudumu. Wareno waliiacha mwaka 1512, kwa kuwa biashara waliyoifuata ilikuwa imevurugika kwa kuingia kwao. Hasara ilikuwa ya Kilwa. Lisbon iliendelea kujenga.

Maajabu ya mashariki nayo yalishushwa kwenye gati la uwanja huu. Mei 1515 alifika kifaru kutoka Gujarat, zawadi ya Sultan Muzaffar kwa gavana wa Wareno huko Uhindi, Afonso de Albuquerque, naye akampelekea mfalme. Ulaya haikuwa imemwona mnyama huyo tangu zama za Warumi. Manuel alikuwa na ndovu pia, na alikuwa amesoma kwa waandishi wa kale kwamba viumbe hao wawili ni maadui wa asili. Juni 3 akawakutanisha katika ua ulio kando ya kasri, watu wakajazana kutazama. Ndovu, aliyekuwa bado mdogo, aliogopa akakimbia. Mfalme akaamua kumtuma kifaru huyo Roma awe zawadi kwa Papa. Merikebu ikapigwa na dhoruba karibu na pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516, na mnyama, akiwa amefungwa minyororo, akazama. Picha yake, iliyochongwa na Albrecht Dürer huko Nuremberg kutokana na maelezo na mchoro tu, ilienea Ulaya nzima kwa zaidi ya miaka 200.

Namfikia sasa mtu ninayemwona wa maana kuliko wafalme wengi wa uwanja huu. João de Barros aliiongoza Casa da Índia tangu 1533 hadi 1567. Alikuwa ofisa wa kuhesabu pilipili na kulipa mabaharia, lakini makaratasi ya mashariki nzima yalipita mezani kwake, naye alikuwa na hamu ya kujua watu hao walikuwa akina nani kabla Wareno hawajawafikia. Miongoni mwa yaliyomfikia ni tarehe ya wafalme wa Kilwa. Barros aliifupisha kwa Kireno ndani ya kitabu chake cha kwanza cha habari za Asia, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1552. Humo anatajwa Ali bin Hussein wa Shirazi, aliyekuja kwa merikebu na kukipata kisiwa kwa nguo, na baada yake masultani mmoja mmoja, nani alimrithi nani, nani aliondolewa, na jinsi Kilwa ilivyopata kuishika Sofala.

Tarehe hiyo tunayo kwa njia nyingine pia. Nakala ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa, ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19, naye Seyyid Barghash akampa Balozi wa Uingereza, John Kirk, na leo iko London. Nakala hizi mbili hazilingani kila mahali, na wanazuoni hulazimika kuziweka bega kwa bega ili kupata mfululizo wa watawala. Lakini ile ya Barros imetangulia kuchapishwa, na iliandikwa na mkuu wa ofisi ileile iliyoipokea dhahabu ya Kilwa. Sijui kama alilihisi jambo hilo. Ninachokijua ni kwamba aliziandika habari za wafalme wetu kwa makini, kama habari za watu wenye nasaba na dola, na wengi waliokuja baada yake kwa miaka 400 hawakufanya hivyo.

Uwanja uliingiza watu pia. Lisbon ilikuwa na Casa dos Escravos, ofisi ya kupokea watumwa waliotoka hasa pwani ya magharibi ya Afrika, na hesabu za mji za mwaka 1551 zinaonyesha kwamba karibu mkazi mmoja kati ya kumi alikuwa mtumwa. Walibeba maji, wakapakua shehena, wakaosha nguo za mji, wakauza vyakula barabarani. Kuna picha ya rangi ya karne hiyo inayoonyesha Chafariz d'el Rei, kisima cha mfalme kilicho mwendo mfupi mashariki mwa uwanja, na Waafrika ni wengi ndani yake: wapo waliobeba mitungi, wapo wanaopiga makasia, na yupo mmoja juu ya farasi, amevaa joho la watu wenye vyeo. Anayedhani Waafrika ni wageni wa juzi katika mji ule aitazame picha hiyo.

Mwaka 1580 Ureno ilikosa mrithi, na Filipe wa Pili wa Hispania akautwaa ufalme. Alikaa Lisbon miaka miwili hivi, na kwa amri yake kasri likaongezewa mnara mkubwa wenye kuba ukingoni mwa maji, kazi ya Mwitalia Filippo Terzi. Ni katika enzi ya mfalme huyohuyo, mwaka 1593, ndipo Fort Jesus ilipoanza kujengwa Mombasa kwa ramani ya Mwitalia mwingine, Giovanni Battista Cairati. Utawala wa Wahispania ulidumu miaka 60. Asubuhi ya Desemba 1, 1640, kikundi cha mabwana wa Kireno kiliingia Paço da Ribeira kwa silaha, kikamuua katibu Miguel de Vasconcelos na kumtupa dirishani hadi uwanjani, kikamkamata Margarida, binti wa ukoo wa kifalme aliyetawala kwa niaba ya Hispania. Duke wa Bragança akatangazwa kuwa mfalme João wa Nne. Katika karne hiyo uwanja ulikuwa wa furaha na wa hofu kwa pamoja: ng'ombe walipiganishwa hapo mbele ya watu wa kasri, na hapohapo zilifanywa hadhara za Mahakama ya Imani, ambako waliotuhumiwa kushika dini ya Kiyahudi kwa siri walisomewa hukumu mbele ya umati.

Desemba 1698, baada ya kuzingirwa tangu Machi 1696, Fort Jesus iliangukia mikononi mwa Waarabu wa Oman. Pwani ya kaskazini ya mto Ruvuma ikamtoka Mreno, ukiacha kurejea kwake kwa muda mfupi Mombasa mwaka 1728. Lisbon haikutetereka. Dhahabu ya Brazili ilikuwa imeanza kumiminika, na mfalme João wa Tano aliitumia bila kuhesabu. Kasri likajaa vitabu, picha, vyombo. Machi 1755 ikafunguliwa jirani yake nyumba ya opera ya fahari, ambayo hata mwaka haikutimiza.

Jumamosi, Novemba 1, 1755, ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na makanisa yalijaa. Kama saa tatu na dakika arobaini asubuhi ardhi ikaanza kutetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena kwa nguvu zaidi. Matao ya makanisa yakawaangukia waumini. Walionusurika walifanya ambalo akili yoyote ingelifanya: walikimbilia mahali pa wazi, na mahali pa wazi kuliko pote palikuwa Terreiro do Paço. Walijikusanya kandokando ya maji, wengine wakapanda kwenye gati jipya la mawe wakitafuta mashua. Kisha mto ukarudi nyuma, kitanda chake kikaonekana, na tsunami ikaja. Walioshuhudia walisimulia kwamba gati lilizama na kila aliyekuwa juu yake. Mishumaa iliyowashwa kwa ajili ya sikukuu, pamoja na majiko ya majumbani, ikazaa moto ulioteketeza mji kwa siku kadhaa. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu.

Kasri likaisha. Maktaba ya mfalme ikaisha, na picha za mabingwa kama Tiziano na Rubens. Kwangu mimi msiba mzito zaidi baada ya roho za watu ni wa Casa da Índia, kwa sababu sehemu kubwa ya hati zake ilipotea: orodha za merikebu, mahesabu, barua, taarifa za bandari za karne mbili na nusu. Kurasa nyingi za historia ya pwani ya Waswahili ziliungua siku ile, Lisbon. Zilizosalimika zilisalimika kwa sababu zilikuwa kwingine. Hifadhi ya nyaraka za dola, Torre do Tombo, ilikuwa katika mnara wa boma la kilimani. Mnara ulianguka, lakini mtunzaji wake, mhandisi Manuel da Maia, mzee aliyekaribia miaka 80, alizifukua hati kutoka kwenye kifusi na kuziweka chini ya hema na vibanda mpaka zilipopatiwa nyumba. Humo mna barua za Kiarabu ambazo mfalme wa Malindi aliwaandikia wafalme wa Ureno. Mzee huyo ametutendea hisani ambayo huenda hakuijua.

Mfalme José, mrithi wa João wa Tano, aliyekuwa Belém siku ya tetemeko, aliapa kutolala tena chini ya paa la mawe, akaishi katika jumba la mbao hadi kufa kwake. Madaraka yakashikwa na waziri wake, Sebastião José de Carvalho e Melo, aliyepewa baadaye jina la Marquês de Pombal. Alikuwa mtu mkali asiyesamehe, na mji uliosimama leo ni kazi yake. Manuel da Maia alimpa mapendekezo kadhaa: kuujenga mji ulivyokuwa, kupanua njia zake tu, kuubomoa wote na kuupanga upya, au kuuhamisha. Pombal akachagua kuupanga upya. Wahandisi Eugénio dos Santos na Carlos Mardel wakachora mitaa iliyonyooka, ikikatana kwa pembe mraba, kila mmoja na watu wa kazi yake: masonara wa dhahabu, wafua fedha, washona viatu. Nyumba zilisimamishwa juu ya nguzo za msonobari zilizopigiliwa kwenye udongo wenye maji, na ndani ya kuta zake kukawekwa fremu ya mbao iliyofumwa kwa mikingamo, ili nyumba inapotikiswa ipinde bila kuanguka. Inasimuliwa kwamba mfano wa fremu hiyo ulijaribiwa Terreiro do Paço kwa kuwaamuru askari wakanyage kwa kishindo kuuzunguka. Ujenzi wa kujilinda na tetemeko, kwa mpango wa mji mzima, ulikuwa jambo jipya Ulaya.

Kasri halikurudi. Pombal aliuzungushia uwanja majengo ya matao kwa pande tatu, upande wa nne akauacha wazi kwa mto. Katika majengo hayo zikaingia idara za serikali, forodha, mahakama na soko la wafanyabiashara. Wafanyabiashara walikuwa wamekubali kutozwa asilimia 4 ya ziada kwenye bidhaa zilizopita forodhani ili mji ujengwe, na uwanja ukapewa jina lao: Praça do Comércio. Wenyeji, hata leo, wengi hulitumia jina la zamani.

Katikati, Juni 6, 1775, ikazinduliwa sanamu ya José juu ya farasi, iliyochongwa na Joaquim Machado de Castro na kumiminwa kwa shaba nyeusi na Bartolomeu da Costa. Mfalme anatazama mto, farasi wake anakanyaga nyoka, na kando ya kitako yupo ndovu. Pombal aliweka pia sura yake mwenyewe mbele ya kitako. José alipofariki mwaka 1777 Pombal aliondolewa madarakani na sura hiyo ikabanduliwa; ilirudishwa mwaka 1833. Waziri huyohuyo, mwaka 1761, alipiga marufuku kuingiza watumwa wapya Ureno kwenyewe. Hakuizuia biashara ya kuwapeleka Brazili, na kuelekea mwisho wa karne ile na mwanzoni mwa iliyofuata ilizidi, ikichota watu kutoka Kisiwa cha Msumbiji na Quelimane, wakiwemo Wamakua na watu wa bara.

Karne ya 19 naipita haraka. Familia ya kifalme ilikimbilia Brazili Novemba 1807 majeshi ya Napoleon yalipokaribia, na Brazili yenyewe ikajitenga mwaka 1822. Tao kubwa la Rua Augusta, lililokuwa kwenye mipango tangu enzi ya Pombal, lilikamilika katika miaka ya 1870. Miongoni mwa mashujaa waliosimamishwa juu yake yumo Vasco da Gama.

Februari 1, 1908, mfalme Carlos alirudi kutoka Vila Viçosa na kuteremka kwenye gati la uwanja jioni, pamoja na malkia Amélia na mwanawe mkubwa, wakapokewa hapo na mwanawe mdogo. Nchi ilikuwa chini ya waziri João Franco, aliyetawala bila bunge, na mfalme alikuwa ametoka kuidhinisha amri ya kuwapeleka wapinzani uhamishoni. Walipanda gari la farasi la wazi. Lilipofika kona ya magharibi, Manuel Buíça, mwalimu wa shule, alipiga bunduki kutoka nyuma; Alfredo Costa akarukia ngazi ya gari na bastola. Malkia alimpiga kwa shada la maua, silaha pekee aliyokuwa nayo. Mfalme alikufa palepale, na mrithi wake, Luís Filipe, alifuata baada ya muda mfupi. Kijana huyo alikuwa amezuru Angola na Msumbiji mwaka uliotangulia, wa kwanza wa ukoo wake kwenda kuyaona makoloni hayo, na mji wa Beira uliitwa hivyo kwa heshima yake. Mdogo wake, Manuel, alitawala hadi Oktoba 1910, jamhuri ilipotangazwa.

Chini ya matao ya upande wa kaskazini kuna mkahawa, Martinho da Arcada, ulioanza mwaka 1782. Mshairi Fernando Pessoa, aliyelelewa Durban, alikuwa na meza yake humo katika miaka yake ya mwisho.

Wizara zilibaki uwanjani wakati wote wa udikteta wa António Salazar na Marcelo Caetano, na wizara hizo ndizo zilizoendesha vita vya Afrika: Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963, Msumbiji tangu Septemba 25, 1964. Vita vya Msumbiji vina anwani ya Kiswahili. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea, wakavuka Ruvuma wakizungumza Kiswahili, Kimakonde na Kireno, na kiongozi wao, Eduardo Mondlane, aliuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha kitabu. Upande wa pili, kila Juni 10 tangu mwaka 1963, Terreiro do Paço ilipangwa askari kwa sherehe ya taifa. Nishani ziligawiwa, na walioitwa mbele kupokea za waliokufa walikuwa wazazi wenye nguo nyeusi, wajane na watoto. Wengi walitoka vijiji maskini vya Ureno, na vijana wao walikuwa wamepelekwa kufa Mueda na Nangade kwa ajili ya dola iliyoanzia kwenye kasri lililokwishaanguka.

Askari wenyewe ndio waliochoka kwanza. Kapteni Salgueiro Maia, aliyepigana Msumbiji na Guinea, aliondoka Santarém usiku wa kuamkia Aprili 25, 1974 na askari wapatao 240 pamoja na magari ya deraya, akauzingira uwanja kama saa kumi na mbili alfajiri. Manowari moja mtoni iliamriwa ifyatue, haikufyatua. Mawaziri waliokuwa ndani ya Wizara ya Jeshi walitoboa ukuta na kutoroka. Kisha brigedia mtiifu kwa serikali akaja na vifaru kando ya mto. Maia alimwendea kwa miguu, akiwa na kitambaa cheupe na bomu la mkono mfukoni. Brigedia akaamuru apigwe. Luteni aliyeamriwa alikataa, akakamatwa. Amri ikapelekwa kwa koplo mpiga mzinga, naye akajifungia ndani ya kifaru chake asitoke. Pale, kwa kukataa kwa vijana wawili, dola ya karibu miaka 500 ilifika ukomo wake kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili yake. Jioni Caetano alijisalimisha katika kambi ya Carmo. Septemba 7 mkataba na FRELIMO ulitiwa saini Lusaka, na Juni 25, 1975 Msumbiji ikawa huru.

Kwa miaka mingi baadaye uwanja ulikuwa maegesho ya magari. Uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi uliutesa. Ngazi za marumaru na nguzo mbili za gati la Cais das Colunas ziling'olewa, zikarudishwa mwaka 2008, na kituo cha treni kilikuwa kimefunguliwa mwishoni mwa 2007. Wizara nyingi zimehama, ingawa ile ya Fedha ingalipo, na chini ya matao wamekaa wenye mikahawa. Feri za Barreiro bado huteremsha wafanyakazi wa ng'ambo ya mto kila asubuhi.

Aprili 25, 2024, miaka 50 ya mapinduzi hayo ilipotimia, jeshi lilifanya gwaride Terreiro do Paço. Kwenye sherehe za jioni, huko Belém, walialikwa marais wa nchi zilizokuwa makoloni. Mmoja wao alikuwa Filipe Nyusi wa Msumbiji, mzaliwa wa Mueda, ambaye vita vilipoanza alivushwa Ruvuma akiwa mtoto na kusomeshwa katika shule ya msingi ya FRELIMO, Tunduru.